Askari wa Safu ya Farasi

Kwa miaka tisa, kwenye baraza la duka la vitambaa pale Mohoro, mimi ndiye niliyekuwa naona. Nalitanguliza hili ili ijulikane nilikuwa na nini kabla sijasimulia nilivyokipoteza, maana watu wakisikia habari za wivu wa mwanamke mzima mwenye mjukuu huanza kwa kucheka. Mimi mwenyewe nimeshacheka sana, lakini si wakati ule.

Duka ni la Mhindi mmoja, Muislamu, ambaye babu yake ndiye aliyelijenga zamani Mohoro ilipokuwa na biashara kubwa kuliko sasa. Yeye anauza vitambaa ndani, sisi mafundi tunakaa barazani na cherehani zetu, na mteja akishakatiwa kitambaa anatoka nacho nje kinashonwa hapo hapo. Januari tunashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi. Baada ya mavuno ya mpunga tunashona magauni ya harusi, na miezi iliyobaki tunabadilisha zipu za watu walionenepa.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, jua likiwa kali na wateja wamekwenda kula, mwenye duka alikuwa anatandika uwanja wa sataranji kwenye ncha ya meza ya kukatia. Uwanja huo niliushona mimi, miraba thelathini na miwili ya khaki iliyobaki kwenye kaptula za shule, na thelathini na miwili ya nyeupe iliyobaki kwenye mashati. Anapanga kete sita au saba tu, anasema, "Weupe wanaanza. Hatua mbili," kisha anaingia ndani kwenye kiti chake. Maana yake ni kwamba mfalme mweusi anakwisha kwa hatua mbili, na kazi yangu ni kuona kwa njia gani.

Alinifundisha mwenyewe, kwa kukosa mtu. Ndugu zake wote walikwishahamia Dar es Salaam, na mkewe alisema mchezo ule unamtia usingizi. Kwenye pembe wanakaa tembo, wanaokwenda moja kwa moja. Wanaofuata ni farasi, wanaoruka, halafu ngamia, wanaokwenda mshazari. Katikati yuko mfalme na waziri wake, waziri akienda atakako. Mbele yao wamejipanga askari wanane, wanaotembea mraba mmoja mmoja na hawarudi nyuma. Askari akifika mwisho wa uwanja anapandishwa cheo. Na cheo gani? Cha safu aliyopita. Akifikia pembeni anakuwa tembo, akifikia safu ya farasi anakuwa farasi, na safu mbili za katikati ndizo zinazotoa waziri. "Kila askari huvaa sare ya safu yake," mwenye duka alikuwa akisema, na hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Mimi mshona sare nililiona jambo la akili kabisa. Sikuwahi kuuliza swali.

Fumbo si sawa na mchezo wenyewe. Kwenye mchezo unaweza kukosea ukajirekebisha mbele ya safari. Kwenye fumbo njia ni moja, imejificha, na aliyepanga anajua ilipo. Nilikuwa nalitazama mara moja, nakaa kwenye cherehani, naanza kukanyaga. Miguu ikishashika mwendo, kichwa nacho kinaanza kutembea. Mfalme mweusi anaweza kukimbilia wapi? Mraba huu umezibwa na askari wake mwenyewe, ule unatazamwa na ngamia wangu. Halafu natafuta kete ninayoipenda kuliko zote na kujiuliza ikiliwa itakuwaje, maana mara nyingi njia inapita hapo hapo, kwenye kitu ambacho mkono hautaki kukiachia. Siku nyingine ni farasi anayeruka mahali anapowatishia mfalme na waziri kwa mpigo mmoja. Nikiiona njia hadi mwisho, miguu inasimama yenyewe.

Basi mwenye duka huko ndani alikuwa anasikia cherehani imenyamaza, anatoka. Naonyesha kwa kidole. Anatazama, anasema, "Umeona." Anakusanya kete zake na kurudi ndani.

Ni neno hilo moja tu. Lakini yule bwana hakuwa mtu wa kusifu. Mteja akivaa gauni likamkaa mwilini vizuri kabisa, yeye husema urefu unatosha. Watoto wake walifaulu mitihani akawauliza kwa nini hawakufaulu zaidi. Mimi, mtoto wa wakulima wa bondeni, niliyeacha shule darasa la saba, nilikuwa naambiwa umeona karibu kila siku ya Mungu. Jioni nikivuka uwanja wa soko kwenda nyumbani nilitembea kwa madaha, na hakuna aliyejua kwa nini.

Yule mwenzangu nilimleta mimi mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sare zilinizidi mwaka ule, nikamwambia mwenye duka tupate fundi wa pili, na nikamtaja mwanamke mmoja wa Chumbi niliyesikia kwamba ana mkono mzuri wa kola. Alikuwa mjane, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mpole, msafi, asiyekuwa na maneno mengi. Akaja na cherehani yake, akaiweka kando ya yangu, akaniita dada tangu siku ya kwanza. Siku hiyo hiyo akaona uwanja umetandikwa, akauliza nani anacheza. Nikamweleza. Akasema kwamba alipokuwa akiishi Dar es Salaam na marehemu mumewe walikuwa wakicheza kidogo. Nikamwambia majina ya kete za dukani kwetu, kwa sauti ya mwalimu, na yeye akayapokea kama mwanafunzi. Nilimhurumia.

Wiki ya tatu cherehani yake ilinyamaza kabla ya yangu.

Nilidhani uzi umekatika. Mwenye duka akatoka, akanielekea mimi kwa mazoea, akakuta bado nakanyaga. Akageuka. Yule mwanamke akanyoosha kidole, waziri wetu aliwe pale, tembo aingie hapa, kwisha. Mwenye duka akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kutazama kwangu. "Umeona," akasema.

Tangu hapo ikawa hivyo siku tatu kati ya tano, halafu siku nne. Roho iliniuma, na siwezi kusema iliuma kidogo. Nilianza visa. Nilimwambia upepo wa upande ule utausumbua uzi wake, nikamhamishia cherehani kule mwisho wa baraza, karibu na nguzo, ambako uwanja hauonekani. Haikusaidia kitu. Alipita mara moja kwenda kuchukua mkasi, akatazama, akabeba fumbo zima kichwani hadi kule kwake. Siku nyingine nilijitandaza na kanzu ya mteja juu ya meza, eti napima pindo, ili asione. Akasubiri nimalize, akanishukuru.

Kisha nikafanya jambo la aibu zaidi. Nilinyamazisha cherehani bila kuona. Nilitaka tu kuwa wa kwanza, nikategemea kwamba katika ule muda wa mwenye duka kuinuka kitini na kuvaa ndala, njia itajitokeza. Haikujitokeza. Nikasukuma tembo kwa ujasiri, na mfalme mweusi akajitokea zake upande wa pili bila hata haraka. Mwenye duka alimrudisha tembo mahali pake tu. Nilimtazama mwenzangu nikitarajia kumkuta anacheka, ili nipate sababu ya kumchukia kwa haki. Alikuwa ameinama anakata uzi kwa meno. Hakucheka, na hilo nalo nililihesabu kuwa kosa lake.

Chai ndiyo iliyonimaliza. Miaka tisa mwenye duka alinimiminia chai ya saa tisa kwenye kikombe cha bati. Siku moja akatoka na glasi, zile za mkewe zenye ua la dhahabu, akampa yeye. Nina hakika aliishika ya karibu bila kufikiri. Mimi nilifikiri kwa ajili yake, usiku na mchana, kwa wiki mbili.

Mara moja tu nilimwona yule mwanamke anasita. Fumbo la siku hiyo lilikuwa na askari mweupe aliyebakiza mraba mmoja, kwenye safu ya ngamia. Mwenye duka alikuwa bado amesimama pale pale mezani. Mwenzangu akatazama, akakunja uso, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, huyu akifika anakuwa nani?" Nikamjibu kwa raha zangu zote kwamba ni safu ya ngamia, anakuwa ngamia, kila askari huvaa sare ya safu yake. Akanitazama, akamtazama mwenye duka, akasema sawa. Nilifurahi siku nzima. Kumbe kuna kitu asichokijua.

Binti yangu wa mwisho, anayesoma Kibiti, alikuja nyumbani kwa likizo akanikuta nimenuna. Nilipomweleza, alicheka, kisha akachukua simu yangu akaniwekea sataranji humo, mafumbo mengi kuliko ningeweza kumaliza maisha yangu yote. Nilikaa nayo kila nilipopata nafasi. Jumapili moja alasiri askari wangu alifika mwisho wa uwanja kwenye safu ya farasi, na simu badala ya kumfanya farasi ikaniletea picha nne, ikangoja. Nilidhani imeharibika. Nikamwita binti yangu.

Akasema, "Mama, si unachagua? Anakuwa chochote unachotaka. Watu wengi huchukua waziri." Nikamwambia si kweli. Akanitafutia kanuni za mchezo akanisomea. Ndivyo dunia nzima inavyocheza, isipokuwa duka moja la vitambaa Mohoro.

Mtu mwema angekimbia kesho yake kumwambia mwenye duka. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilifikiri hivi: nina kitu ambacho yule mwanamke hana. Sikujua nitakifanyia nini. Nilipenda tu kuwa nacho. Barazani niliendelea kujibu kwa sheria ya dukani, ngamia kwa safu ya ngamia, na chini ya meza, saa za mapumziko, nilifanya mazoezi kwa sheria ya dunia. Mara moja niliisahau simu juu ya cherehani ikiwa wazi nikaenda kutawadha. Niliporudi nilimkuta mwenzangu anatunga uzi kwenye sindano, nikaitia simu mfukoni.

Mwaliko ulikuja baada ya mfungo. Pale Kibiti walimu kadhaa, muuza dawa mmoja na wafanyabiashara wawili watatu walikuwa wameanzisha utaratibu wa kukutana Jumamosi kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni kushindana kufumbua mafumbo. Walialika watu kutoka miji ya karibu, kila mji wawili wawili, wanaofumbua kwa pamoja. Mmoja wao alipita dukani kwetu kununua kitambaa cha suruali, akaona uwanja wangu wa khaki na nyeupe, akamwalika mwenye duka aje na mwenzake. Mwenye duka hakuwahi kufumbua fumbo mbele ya watu asiowafundisha yeye. Alivimba kwa furaha, japo alisema tu kwamba ataangalia kama ana nafasi.

Mwenzake atakuwa nani? Siku nne sikulala vizuri. Nilijiwekea sharti ambalo nalieleza hapa kama lilivyokuwa, bila kulipaka rangi. Akinichagua mimi, nitamwambia habari ya askari njiani, taratibu, kabla hatujafika. Akimchagua yeye, nitanyamaza, wakajionee wenyewe.

Alhamisi alitoka akasimama kati ya cherehani mbili. Alisema Jumamosi atakwenda na fundi wa Chumbi. Kisha akanigeukia, akasema nami nije, nimsaidie kuchagua majora ya khaki, maana jicho langu la kitambaa halina mfano. Miaka tisa nilisubiri sifa ya pili, nikapewa siku ile, na ilikuwa sifa ya kitambaa. Nikasema sawa mzee. Nilikanyaga cherehani mpaka sindano ikakatika.

Tulikwenda kwa pikapu yake sote watatu mbele, mimi dirishani. Kutoka Mohoro hadi darajani, kutoka darajani hadi Ikwiriri, hadi Kibiti, nilikuwa na nafasi ya kusema. Mwenye duka aliendesha akiwa amevaa koti, katika joto lile. Mara mbili alimuuliza mwenzangu kama amekula vizuri asubuhi. Nikatazama mashamba, nikayatazama vizuri sana.

Ukumbini walitundika ubao mkubwa ukutani wenye misumari ya kuning'inizia kete za kadibodi, ili kila mtu aone. Jozi zilikuwa sita na mafumbo kumi. Wanaofumbua walikaa benchi la mbele, mimi nikakaa benchi la watazamaji ubavuni, mahali ambapo niliziona nyuso zao. Fumbo la kwanza wakaliona upesi. La pili pia. Kila mara yule mwanamke alimnong'oneza mwenye duka, mwenye duka akaitikia kwa kichwa, yeye akaenda ubaoni kuonyesha. Walipofika la sita walikuwa wanaongoza, na muuza dawa aliyeandaa mafumbo akasema kwa sauti kwamba Mohoro wametuficha mengi. Nilipiga makofi na wengine. Mikono iliniwasha.

Fumbo la saba lilikuwa na askari mweupe aliyebakiza mraba mmoja, kwenye safu ya farasi. Hatua mbili.

Niliona jibu kabla kete ya mwisho haijaning'inizwa. Askari anafika, anafanywa waziri, mfalme mweusi anabaki na mraba mmoja wa kukimbilia na hapo hapo anakwisha. Lilikuwa fumbo rahisi kuliko yote, limewekwa katikati ili watu wapumzike. Mbona sikujisikia raha? Nilikuwa nimeisubiri saa ile kwa miezi.

Mwenye duka alitazama, akakunja mikono. Hakunong'ona. Alisema wazi, benchi zote zikamsikia, kwamba fumbo limekosewa, haliwezekani kwa hatua mbili, kwa sababu askari yule akifika atakuwa farasi. Wengine wakageuka. Bado hawakucheka, walidhani anatania.

Mwenzangu hakuinuka. Alimtazama mwenye duka, koti lake na shingo yake iliyolowa jasho. Kisha akageuka akanitazama mimi, moja kwa moja, kule nilikokaa ubavuni. Mimi nikainamisha kichwa, nikatazama ndala zangu.

Nikamsikia anakwenda ubaoni. Nilipoinua macho alikuwa amemtoa askari na kumning'iniza farasi. Akaonyesha njia ndefu ya hatua tano ya kumfuata mfalme kwa farasi, njia nzuri kwa kweli, ambayo mimi nisingeiona. Ukumbi ukacheka. Mwalimu mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Akamuuliza kama huko kwao askari hachagui anachotaka kuwa.

"Kwetu Chumbi mie nilifunzwa hivi," akasema. "Mzee alinikanya tangu nyumbani, sikumsikia. Alivyosema hapa alikuwa akinikejeli mie."

Mwenye duka alikunjua mikono. Watu wakamtazama kwa huruma, mtu mwenye mwenzake mbishi, na vicheko vikamwacha yeye vikaenda kwa mwanamke wa Chumbi, vikakaa huko mpaka mwisho. Mafumbo matatu yaliyobaki waliyaona yote. Wakawa wa pili kwa pointi ile moja. Wa kwanza walipewa saa ya ukutani, wao wakapewa chupa ya chai.

Furaha yangu ilikuwa imekuja, nisiseme uongo. Ilikuja walipoangua vicheko, ikakaa muda wa kumeza mate, halafu ikaondoka. Nilichagua majora ya khaki bila kuyatazama.

Tulipofika Ikwiriri, mwenye duka alisimamisha gari akaingia kwa jamaa yake mwenye duka la vyombo, kumsalimu. Tukabaki wawili garini. Chupa ya chai ilikuwa mapajani mwa mwenzangu. Nilijiandaa kusema pole, neno dogo tu la kupitisha wakati. Yeye akanitangulia.

"Dada, nakushukuru," akasema.

Nikamuuliza kwa lipi.

"Mie nilikuwa nataka kumwambia mzee mapema, ile siku ya askari wa ngamia. Ndo maana nilikuuliza. Ukanijibu kwa sheria yake, naye kasimama pale. Nikasema labda dada hajui. Halafu ile siku ukaacha simu juu ya cherehani, nikaona. Nikasema, kumbe anajua. Anajua miaka yote hii, na anamstiri mzee wa watu, asije akaona kwamba baba yake alimfunza kombo. Niliona haya, wallahi. Mie kile kidogo ninachokijua nilikuwa nataka kukisema."

Nikageukia dirishani.

"Na leo vilevile," akasema. "Nilikutazama nikuulize nifanyeje. Ukainamisha kichwa. Nikaelewa unaniambia nimstiri."

Barabarani ng'ombe walikuwa wanapita na kila mtu alikuwa anapiga honi. Nilikuwa na muda wa kusema ukweli. Ulikuwa mfupi, maneno manne au matano. Badala yake niliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu mwenye busara zake, nikasema, "Mzee ni mzee." Akanishika mkono. Mwenye duka akarudi na mfuko wa maandazi, akatugawia sawasawa.

Mwenye duka aliendesha hadi tulipovuka daraja. Kisha, macho yakiwa barabarani, akauliza tangu lini askari anachagua. Akasema kwamba baba yake alifundishwa na babu yake mle mle dukani, na kwamba yeye hakuwahi kucheza na mtu wa nje. Baada ya hapo akamwambia mwenzangu, bila kumtazama, kwamba Chumbi kunafundishwa vizuri. Nikajua kwamba amejua. Na nikajua kwamba neno lile, vyovyote lilivyokuwa, lilikuwa kubwa kuliko umeona, na halikuwa langu.

Nilikuwa nimeyazoea macho ya mwenzangu. Kumwonea mtu wivu kwa kuona upesi kuna mwisho, unaweza kufanya mazoezi. Lakini sasa ilibidi nimwonee wivu kwa roho yake, na simu haina mazoezi ya hilo. Na kibaya kuliko vyote, kuna mwanamke anayekaa kichwani mwake, mwema, msitiri, aliyemfundisha adabu, ambaye yeye anamwita dada. Huyo naye namwonea wivu. Sijamwambia mpaka leo kwamba hayupo.

Jumatatu, baada ya adhuhuri, mwenye duka akatandika uwanja. Alipanga muda mrefu. Askari mweupe alibakiza mraba mmoja, kwenye safu ya farasi. "Weupe wanaanza. Hatua mbili," akasema, na akiwa mlangoni akaongeza, "Askari anachagua."

Niliona kabla sijakaa vizuri. Ukimfanya waziri, mfalme mweusi anapata pa kukimbilia. Ni farasi tu anayemmaliza. Usiku wote wa Jumapili yule bwana alikuwa ametafuta mahali ambapo dunia nzima, ikiachiwa ichague, itachagua kama baba yake. Nilimpenda sana saa ile.

Lakini sikunyamazisha cherehani. Nilisema moyoni leo nitamwachia mwenzangu, aliyekwishapita mezani akautazama uwanja. Nitaendelea kukanyaga mpaka yake inyamaze kwanza, aambiwe yeye, na mimi kwa siku moja nitakuwa yule mwanamke anayemdhani. Nilikanyaga. Nilikuwa nashona mguu wa suruali ya shule, nikafika mwisho wa mshono, nikageuza, nikarudi. Cherehani ya pili haikunyamaza. Chai ikapoa kwenye glasi mbili zenye ua la dhahabu, kwa maana sasa sote tulipewa glasi. Nikageuza tena.

Hatimaye mwenye duka akatoka na uso wa mtu aliyevunjwa moyo, akauliza kama leo hakuna aliyeona. Nikatazama nilichokuwa nashona, nikakuta mguu wa suruali nimeufunga pande zote mbili, hapaingii hata mkono. Nikageuka kumtazama mwenzangu kule kwenye nguzo. Alikuwa bado anakanyaga, taratibu, macho yakiwa barabarani. Mguu wa cherehani yake, ule wa kukandamiza kitambaa, ulikuwa umeinuliwa, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.